Gari Jipya Lenye Uzoefu

Palikuwa na nchi moja, na sharti niseme mapema kwamba jina lake halitajwi na mtu aliyeketi. Sheria ya huko inataka anayelitaja asimame wima, avue kofia, aweke mkono kifuani na kuelekea upande wa Ikulu. Sasa msomaji wangu huenda amekaa, tena pengine amejilaza kitandani na miguu juu, nami sipendi kumtia mtu matatani kwa ajili ya hadithi. Basi tuiache hivyohivyo bila jina. Itoshe kusema ni nchi nzuri yenye amani tele, na usiku husikii hata mbwa akibweka.

Kiongozi wake aliitwa Baba wa Upya. Alipoingia madarakani alitangaza Azimio la Upya, lililosema kwamba tangu siku hiyo hakuna kitu kikuukuu nchini. Watu wakalala na vitu vyao vichakavu, wakaamka navyo vikiwa vipya, bila kutoa jasho wala nauli ya kwenda dukani. Mitumba ya sokoni ikaitwa nguo mpya zenye uzoefu. Mkate wa jana ukawa mkate mpya wenye subira. Hospitali kuu, ambayo paa lake liliondoka na upepo, ikawa hospitali mpya yenye hewa. Wazee wakashauriwa wasikohoe hadharani. Na watu wenye mawazo ya zamani, wale wa "enzi zile mambo yalikuwa hivi na hivi," walipelekwa Kituo cha Upya, kushoto mwa njia panda ya uwanja wa ndege, ili na wao wafanywe wapya. Inaelekea kazi hiyo ni ngumu, maana mpaka leo hakuna hata mmoja aliyekamilika akarudishwa kwao.

Waliokuwa wakiwachukua walikuja na magari mapya. Hapa msomaji ashike vizuri. Gari jipya halina namba; namba hubandikwa likishanunuliwa na raia. Na gari lisilo na namba halina mwenyewe, halina wa kuulizwa, likipita limepita. Kwa hiyo kila gari liliposhushwa bandarini lilianzia Idara ya Utulivu, likafanya kazi yake huko, na lilipoanza kuchoka likapelekwa kuuziwa raia wema, likiwa bado jipya kwa mujibu wa Azimio. Watu wote walilijua jambo hili, na kwa kuwa wote walilijua, hakuna aliyeona haja ya kulisema.

Mtu wetu aliitwa Ngwali Shaibu, mpiga tarumbeta katika bendi ya kupokea wageni uwanja wa ndege. Alikuwa mpole, mwoga kidogo, mwenye mashavu makubwa aliyoyapata kazini. Asubuhi moja alikuwa anakunywa chai na muhogo wa kuchemsha pamoja na mkewe, Bi Raya, redio ikamaliza matangazo ya vifo na kuingia kwenye matangazo ya furaha.

"Mwananchi Ngwali Shaibu," ikasema redio, "kwa kupuliza kwake bila kuchoka, ameruhusiwa kununua gari jipya. Ataliona leo saa nne asubuhi na atalipenda."

Muhogo ukamkwama kooni. Bi Raya akampiga mgongoni mpaka ukashuka.

"Baba Mize, umesikia?"

"Nimesikia."

"Labda ni Ngwali mwingine."

"Naye anapuliza?"

Bi Raya akaizima redio. Halafu akakumbuka kwamba kuizima redio ni kosa, akaiwasha tena na kuinamia kikombe chake.

"Nitakwenda niwaambie ahsante, sina haja," Ngwali alisema. "Kazini kwangu ni mwendo wa miguu. Hata pa kuliweka hatuna."

"Mgeni alisema hivyohivyo."

Huyo Mgeni alikuwa mtu wa posta, naye aliruhusiwa kununua gari jipya. Alishukuru sana, akasema baiskeli inamtosha. Kesho yake gari lilelile alilolikataa likaja kumchukua, na majirani walioliona kupitia upenyo wa madirisha walisema lilikuwa bado na utepe wa zawadi juu ya boneti.

"Basi nilinunue?"

"Ukilinunua utalileta wapi, mume wangu? Si hapa, mbele ya mlango wangu? Mtoto wa nani atakatiza hapa tena? Nani atakuja kuniazima kinu? Nikienda kwenye shughuli za watu, nani atakaa mkeka mmoja na mimi?"

"Basi nisilinunue!"

Bi Raya akaikunja ncha ya kanga na kuikunjua.

"Baba Mize," alisema mwishowe, "hilo gari utalipanda tu. Walichokupa uchague ni kiti. Ukae mbele, au ukae nyuma. Mimi nakutaka mzima. Nenda kakae mbele." Kisha akaanza kulia bila sauti, kama wanavyolia watu wa nchi ile.

Ngwali aliogopa. Silisemi hili kwa kumcheka, maana hata mimi ningeogopa. Aliogopa kuchukuliwa, na aliogopa sawasawa kuwa mtu ambaye majirani zake wakimwona wanafunga komeo. Hakuwa na utajiri wowote duniani isipokuwa watu wa mtaa ule, ambao walimcheka mashavu, wakamwita kwa kahawa, na wakamlaumu alipokosa mazishi. Alivaa sare yake ya bendi, akatoka.

Barazani kwa jirani yake alikuwa Fundi Haroub, mshona nguo, rafiki yake wa dhumna wa kila alasiri, ambaye kwa wizi wa mchezo hakuwa na mfano. Haroub hakuinua macho kutoka kwenye cherehani.

"Hongera, Ngwali," alisema, akaendelea kushona kwa kasi. Cherehani haikuwa na uzi.

*

Ukumbi wa Magari Mapya ulikuwa umepambwa kwa makuti na maua ya plastiki. Katikati limesimama gari jeusi, limepakwa rangi juzi au jana, maana inzi wawili walikuwa wamenasa kwenye boneti na kupewa uraia humo. Mbele yake alisimama Mheshimiwa Msabaha, Katibu Mkuu wa Upya wa Vyombo vya Moto, mtu mwenye tumbo la mamlaka na sauti nyororo sana. Kando yake kulikuwa na mtangazaji wa redio na kipaza sauti, na wapigaji makofi wa serikali, waliokwisha anza kazi.

"Ndugu mnunuzi!" Msabaha alisema. "Gari hili halijapata kuguswa na binadamu. Limeguswa na serikali tu. Kwa niaba ya Baba wa Upya, likague kwa uhuru kabisa, na ukishamaliza kufurahi utujulishe."

Ngwali akafungua mlango wa mbele. Harufu ya marashi ilimpiga usoni, marashi mengi mno, kama ya mtu aliyetoka mahali asipotaka pajulikane. Viti vya mbele vilikuwa na nailoni nyeupe, mpya kweli. Akatazama nyuma. Nailoni ya huko ilikuwa imebadilika rangi, na kwenye ukingo wa kiti ilikuwa imeliwa kwa meno.

"Panya wa bandarini," alieleza Msabaha kabla hajaulizwa.

Milango ya nyuma haikuwa na vitasa kwa ndani.

"Usalama wa watoto. Serikali inawapenda watoto."

Na juu ya ngozi ya mlango, pale mkono wa abiria unapofika, kulikuwa na mikwaruzo minneminne iliyokwenda pamoja, mingine imepita juu ya mingine. Ngwali, sijui kwa nini, akaweka vidole vyake pale. Vikaenea barabara. Akavitoa haraka na kuvifuta kwenye suruali.

"Hayo ni mapambo," Msabaha alisema. "Nje huko watu wanayaagiza. Sasa, ndugu yangu, tuingie kwenye desturi."

Desturi yenyewe ni hii. Katika nchi ile gari jipya halikabidhiwi mpaka mnunuzi aketi kwenye usukani, aitazame mita ya dashibodi, na kutamka mbele ya kipaza sauti gari limekwisha tembea kilomita ngapi, taifa zima likisikiliza. Desturi hiyo inaitwa Kusoma Sifuri, na jina lake limewekwa makusudi ili lisaidie watu wasiobahatika kuona vizuri. Yuko mmoja aliyesoma alichokiona. Wanasema alipelekwa kutibiwa macho, na matibabu yanaendelea.

Ngwali akaketi. Kipaza sauti kikaletwa mdomoni. Akaitazama mita, nayo ilikuwa inakaribia laki. Tarakimu zote zimejaa. Hapakuwa na hata sifuri moja ya kumwonea huruma.

Akili ya mtu ina adabu mbaya, hukwenda isikotumwa. Kutoka mjini hadi Kituo cha Upya si mbali, gari linakwenda na kurudi chai haijapoa. Ngwali akajikuta anaigawa ile laki kwa safari ile fupi. Aliacha katikati kwa hofu, maana aliliona jibu linakuja na lina nyuso. Uso wa Mgeni wa posta ulikuwa mmojawapo. Na bila kufikiri, mdomo ukamponyoka.

"Mheshimiwa, hizi ni... ni kilomita?"

Makofi yakakatika. Mtangazaji akakifunika kipaza sauti kwa kiganja. Ngwali akatamani angeweza kulimeza lile swali.

Msabaha akacheka polepole.

"Swali zuri. Ni la mwisho?"

"La mwisho, Mheshimiwa."

"Basi nikufundishe. Mtoto akizaliwa, si amekwisha safiri miezi tisa tumboni mwa mama yake? Amepanda ngazi, ameteka maji, amekwenda sokoni na kurudi. Umepata kusikia mkunga anasema, hongera mama, umejifungua mtumba?" Wapigaji makofi wakacheka kwa zamu. "Kilomita ni jambo la gari la raia. Gari likiwa mikononi mwa serikali halitembei, ndugu yangu. Linapata uzoefu. Gari lisilo na uzoefu ungelifanyia nini? Hata njia lisingeijua!"

Akamwinamia Ngwali sikioni, na ule unyororo wa sauti ukaisha.

"Nje nina gari jingine jipya, limewashwa, na kiti cha nyuma kiko wazi. Soma."

Kipaza sauti kikafunuliwa.

"Si... sifuri?" Ngwali alisema.

"Umesoma vizuri," alisema Msabaha kwa furaha ya redioni, "ila umesoma kama anayeuliza. Baba wa Upya anakunywa chai saa hii, naye anakusikiliza. Soma kama anayeona."

Ngwali akavuta pumzi yote aliyozoea kuwapulizia marais wa kigeni.

"SIFURI!"

Makuti yakatikisika. Makofi, vigelegele, mtangazaji akalia machozi kama mkataba wake unavyotaka. Utepe ukakatwa na funguo zikawekwa mkononi. Ngwali akaitupia mita jicho mara moja tena kabla ya kuwasha, na kwa kitambo kidogo, Mungu amsamehe, akaona kweli sifuri. Hilo lilimtisha kuliko yote aliyoyaona asubuhi ile.

*

Namba atapewa baadaye, aliambiwa, labda mwezi ujao, labda mwaka ujao, maana kiwanda cha namba kilikuwa kipya mno hakijaanza kazi. Akatoka barabarani vilevile, bila namba.

Ngwali alijua kuendesha, aliwahi kuendesha lori la bendi. Lakini usukani huu ulikuwa unavuta. Alipofika njia panda ya uwanja wa ndege gari likaanza kuelekea kushoto lenyewe, taratibu, kama punda anayejua nyumbani. Akaushika usukani kwa mikono miwili na kuuvuta kulia, jasho linamtiririka ndani ya sare. Gari likagoma, likatetemeka, kisha likakubali. Akalia kidogo, peke yake.

Mjini mambo yakawa ya ajabu. Barabara ilifunguka mbele yake. Aliyekuwa anavuka alirudi. Muuza kahawa akaliacha birika na vikombe vyake njiani, akaingia msikitini, na haukuwa wakati wa sala. Kinyozi mmoja akamtoa nje mteja aliyenyolewa upande mmoja na kujifungia. Trafiki akapiga saluti, kisha akageuka ukutani ili asije akaulizwa siku moja alimwona nani.

Sasa nitasema jambo ambalo Ngwali hakumwambia mtu. Ile saluti ilimwingia tamu. Miaka yote ya kazi yake alikuwa anasimama juani kuwapigia wengine tarumbeta, na hakuna aliyepata kumpigia yeye hata filimbi. Akajikuta ameketi wima kidogo. Akajikuta amepiga honi pasipo na haja, na alipoona watu wanaruka mitaroni akashtuka, akaondoa mkono kwenye honi kama ameshika jiko la moto. "Mimi siyo," alisema kwa sauti humo garini. "Mimi ni Ngwali tu." Kiti cha nyuma hakikujibu, lakini hakuthubutu kukitazama kwenye kioo.

*

Mtaani kwao alikuta milango yote imefungwa, mchana kweupe. Kanga zimeachwa kwenye kamba, sufuria ya mtu inaungua mahali. Akasimamisha gari mbele ya nyumba yake, akatoka, akainua mikono.

"Jamani, ni mimi! Ni Ngwali!"

Komeo mbili tatu zaidi zikasikika zikiingia.

Mlango mmoja tu ndio uliofunguka. Fundi Haroub alitoka amevaa kanzu yake ya Idi, ameshika mfuko wa plastiki ambao ndani yake ulionekana mswaki na shuka. Nyuma yake mkewe alikuwa ameziba mdomo kwa mikono yote miwili. Haroub akamwambia kitu kwa sauti ya chini, akavuka barabara, akafungua mlango wa nyuma wa gari, akaingia, akaufunga kwa adabu. Akauweka mfuko mapajani.

"Haroub! Unafanya nini, ndugu yangu?"

"Niko tayari," Haroub alisema kupitia dirishani. Midomo yake ilikuwa imekauka. "Nimeona nisikusumbue kugonga. Afadhali umekuja wewe, Ngwali. Wale wengine wanapiga."

"Sikuja kukuchukua! Hili ni langu, nimelinunua. Si umesikia redio?"

"Nimesikia. Umesoma sifuri." Haroub akatikisa kichwa polepole. "Basi naungama, usije ukapata taabu huko. Ni kweli, juma lililopita nilisema mkate wa dukani ni wa jana. Nilikuwa na njaa. Sikukusudia siasa."

"Toka, Haroub, nakuomba! Kwani hunijui?"

"Unanijaribu," Haroub alisema, machozi yanamchuruzika ndevuni. "Nikitoka utasema nimetoroka."

Ngwali akaufungua mlango, akamshika mkono amvute. Haroub akang'ang'ania kiti, kucha zake zikikwaruza ngozi ya mlango. Na jinsi Ngwali alivyozidi kubembeleza, ndivyo Haroub alivyozidi kuungama: aliwahi kumwambia mkewe viatu vyake vimechakaa, aliwahi kuota enzi za zamani, tena ndoto nzuri. Halafu sauti ikampungua.

"Na siku ile ya mkate," alisema, "sikuwa peke yangu. Yuko aliyeitikia. Alisema, kweli Fundi, huu mkate mgumu." Akaiangalia nyumba ya Ngwali. "Sitaki kumtaja, lakini ukitaka nimtaje nitamtaja. Niache tu mimi."

Ngwali akageuka. Dirisha la nyumba yake lilikuwa wazi inchi moja, na nyuma yake alisimama Bi Raya. Mtaa mzima ulikuwa unasikiliza. Alijua kwamba watu wa Utulivu wana masikio hata mchana, na kwamba mtu aliyekaa ndani ya gari mbele ya nyumba yake anakaribia kulitamka jina la mkewe, hofu ikampanda mpaka kichwani na kutoka mdomoni, nayo ilitoka na pumzi ya tarumbeta.

"TOKA NJE! NYAMAZA! RUDI NYUMBANI KWAKO!"

Haroub akatoka mara moja, amenyooka, mikono mapajani. Akarudi kwake bila kugeuka.

Ngwali akashangaa. Kumbe ilikuwa rahisi hivyo. Kubembeleza kote kule hakukufaa kitu, na ukelele mmoja umeokoa watu wawili. Akautazama mtaa uliojifungia, akasikia huruma juu yao, na hasira pia, maana aliwapenda na wao walimkimbia.

"Fungueni milango!" akapaza sauti.

Milango yote ikafunguka.

"Tokeni barazani, kaeni kama siku zote! Ongeeni!"

Wakatoka, wakakaa, wakaongea, wote kwa pamoja, bila kusikilizana.

"Nani alikuwa anashika dhumna? Chezeni!"

Wakacheza. Haroub alipewa kete, akazipanga mezani, na kwa mara ya kwanza maishani mwake hakuiba. Ngwali alisimama akitazama. Kila kitu kilikuwa kama jana. Akaona ni heri aingie ndani kwake, ambako hahitaji kumwamuru mtu.

Bi Raya alimfungulia kabla hajabisha. Chakula kilikuwa mezani, sahani moja.

"Mama Mize, hukula?"

"Shikamoo, Mheshimiwa," alisema Bi Raya. Alikuwa amesimama ameegemea ukuta, macho yako chini. "Sijasema kitu mimi. Wallahi, siku ile nilipita tu."

"Raya. Ni mimi. Wewe mwenyewe ulisema nikae mbele."

"Ndiyo, Mheshimiwa. Nilisema, naungama."

Akamsogelea. Naye akajibana ukutani, kanga ikimtetemeka mabegani. Ngwali alitaka kumwambia neno laini, la zamani, lile alilokuwa akimwambia mvua za radi zinaponyesha. Alilitafuta. Alipofungua mdomo, sauti iliyotoka ilikuwa ileile ya nje.

"Usiogope!"

Bi Raya akaacha kutetemeka papo hapo. Akainua uso, akatabasamu kama alivyoamriwa, na akabaki hivyo, anangoja aambiwe lini aache.